Tangi moja, samaki wa aina nyingi: nani akae na nani, na tangi lipambwe vipi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimepata tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana 35 na kina 40, pamoja na chujio, hita na taa. Mapambo nimeshayakusanya: changarawe nyeupe, makombe ya baharini, gogo kavu, mawe kadhaa na kasri la plastiki alilolichagua mwanangu. Samaki ninaowataka ni neoni tetra, gapi, enjelifishi wawili, samaki wa dhahabu wawili, taiga babi kwa sababu ya milia yao, na pleko wa kusafisha kioo. Je, wataelewana? Nianze na kipi, mapambo au samaki?

Jibu: Kwa orodha hiyo, hawataelewana. Hata hivyo, ndani yake mna matangi mawili mazuri tu, na kazi yako ni kuchagua moja. Kuhusu mapambo, usiweke hata jiwe moja kabla hujajua samaki wako ni nani, kwa sababu nusu ya vitu ulivyokusanya vitabadilisha maji, na maji ndiyo yanayoamua nani akae humo.

Watu wengi wakiuliza kama samaki wanaelewana, huwa wanauliza kama watapigana. Ugomvi upo na nitaufikia, lakini samaki wengi zaidi hufa polepole wakiwa wametulia kabisa, bila jino wala jeraha, kwa kuwa wamewekwa kwenye maji au joto lisilo lao. Kwa hiyo tuanze na maji.

Neoni tetra asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, ambako maji yana madini kidogo mno, yana asidi kiasi na yamegeuka rangi kama chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Gapi ametoka kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya jirani kama Trinidad, na anastawi kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, na pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 7 na 8. Mweke gapi kwenye maji laini sana, na baada ya muda utamwona amekunja mapezi na kuyumbayumba mahali pamoja. Neoni waliozalishwa kwenye mabwawa wamezoea maji ya katikati, kwa hiyo si lazima ulete maji ya Amazon nyumbani, lakini hawa wawili kwa kweli wanavuta kamba kutoka pande mbili.

Basi pima maji yako mwenyewe kwanza. Dalili za haraka unazijua tayari: sabuni ikigoma kutoa povu na birika likishika ukoko mweupe, maji ni magumu. Ni bora zaidi upate vipimo vya matone, kwa sababu utavihitaji pia kwa amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki nitakayoieleza hapa chini. Ugumu ukiwa chini ya digrii 8 za Kijerumani, kipimo cha ugumu wa maji, hayo ni maji laini, nenda na tetra. Ukizidi 12, nenda na gapi na jamaa zake. Kati ya hapo una uhuru. Jambo ambalo sikushauri hata kidogo ni kununua poda za kupandisha au kushusha pH ili ulazimishe maji yakufuate. Kila ukibadilisha maji, pH itapanda na kushuka, na samaki huvumilia pH isiyo kamili kuliko pH inayocheza.

Joto ni la pili, na hapa ndipo samaki wa dhahabu wanapotoka kwenye orodha. Wao wanapenda maji ya nyuzi 18 hadi 22. Wengine wote uliowataja wanataka 23 hadi 26. Lakini hata ungepata joto la katikati, samaki wa dhahabu huvuka sentimita 20, huishi zaidi ya miaka 10 akitunzwa, hung'oa mimea, hutoa uchafu mwingi kuliko chujio la tangi hilo linavyoweza kumudu, na humeza samaki yeyote anayeingia mdomoni. Wanastahili tangi lao peke yao, tena kubwa kuliko hili.

Hilo la mdomo ndilo sheria ya tatu, na halina msamaha: samaki akitosha kwenye kinywa cha mwenzake, siku moja ataliwa. Enjelifishi unaowaona wakiuzwa wakiwa na ukubwa wa sarafu ni wapole kwa neoni, na watu hudanganyika kwa miezi mingi. Kisha enjelifishi anakomaa, mwili unafika sentimita 15, mapezi yanamfanya awe mrefu zaidi kwa wima kuliko kwa ulalo, na neoni wanaanza kupungua mmoja mmoja usiku. Mwenye tangi hutafuta ugonjwa, kumbe ni chakula cha jioni. Tena wawili wakiwa dume na jike watataga, na wakitaga watamfukuza kila mtu kwenye upande wao wa tangi. Kina cha sentimita 40, ukiondoa mchanga na nafasi ya juu, ni kifupi kwao. Waache.

Pleko naye usimpime kwa umbo la dukani. Yule wa kawaida mwenye madoadoa ya kahawia hupita sentimita 30, na kinyesi chake pekee kitakuchosha. Sifa ya kusafisha kioo nayo imetiwa chumvi: akikua anafuata chakula ulichomwagia wenzake na kuuacha mwani palepale. Ukimtaka wa jamii hiyo, tafuta ansistrasi, mwenye vindevu puani, ambaye huishia sentimita 12 au zaidi kidogo. Anatosha mmoja.

Hapa niseme neno juu ya ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Ni ya kuanzia tu. Samaki akiwa na urefu mara mbili ya mwenzake wa umbo lilelile, uzito wake ni kama mara nane, na uchafu hufuata uzito. Kwa hiyo neoni kumi wa sentimita tatu na samaki mmoja wa sentimita 30 si sawa hata chembe. Kwa samaki wadogo chini ya sentimita sita kanuni hiyo inasaidia. Ukivuka hapo, itupe. Na usihesabu lita za kwenye karatasi: tangi lako kwa hesabu ni lita 112, lakini ukishaweka mchanga, mawe na gogo, na ukiacha nafasi juu, utabaki na karibu 90.

Sasa ugomvi. Taiga babi ni mzuri kwa macho na mkorofi kwa tabia. Anakatakata mapezi marefu, na mkia wa gapi kwake ni mwaliko. Ukimweka kwenye kundi la wanane au kumi, ukorofi mwingi unaishia kati yao wenyewe, lakini hata hivyo hafai kukaa na gapi wala gurami, samaki mwingine mpole nitakayemtaja mbele. Kinyume chake, samaki mpole wa makundi anayewekwa wawili au watatu hugeuka mwoga au mchokozi. Neoni wawili si mapambo, ni mateso. Samaki wa makundi anunuliwe sita kwenda juu, na kwa tangi lako ningependa aina moja ya kumi na mbili kuliko aina nne za watatu watatu. Najua dukani mkono unavutwa na kila rangi. Lakini kundi kubwa la aina moja likigeuka kwa pamoja linapendeza kuliko mchanganyiko wa kila kitu, na samaki wenyewe hawajifichi.

Baada ya kujua hayo, tuyarudie mapambo yako.

Makombe ya baharini yameumbwa kwa kalsiamu kabonati. Ndani ya maji yanayeyuka kidogokidogo, yakipandisha ugumu na pH. Ukichagua tangi la neoni, yaondoe yote. Ukichagua la gapi na maji yako si magumu vya kutosha, hayo makombe yatakuwa msaada, mradi yameoshwa na kuchemshwa, na yasiwe na tundu jembamba ambalo samaki ataingia asiweze kugeuka. Mawe yapime kwa siki: dondosha matone machache, likitoka povu, jiwe lina chokaa, na hukumu yake ni ileile ya makombe. Jiwe lenye mistari ya kutu au inayong'aa kama chuma liache nje kabisa.

Gogo ndicho kitu bora ulicho nacho, kama ni la mti mgumu uliokauka kabisa, lisilo na utomvu wala harufu ya kuoza. Lisugue, lichemshe likiwa linaenea kwenye sufuria, kisha liloweke kwenye ndoo hadi lizame lenyewe. Linaweza kuchukua wiki kadhaa. Litatoa tanini itakayopaka maji rangi ya chai. Wengine huichukia rangi hiyo, mimi naiona ndiyo inayowafanya tetra wawake. Utando mweupe ukitokea juu ya gogo wiki za mwanzo, usihangaike, unaisha.

Changarawe nyeupe ningeibadilisha. Sababu ya kwanza ni kwamba samaki wengi wa vijito vyenye kivuli hufifia rangi wakikaa juu ya sakafu inayong'aa. Wanajaribu kufanana na mahali walipo. Sababu ya pili ni samaki wa chini. Koridorasi, kambale mdogo nitakayempendekeza hapa chini, hutafuta chakula kwa kuchomeka mdomo kwenye mchanga na kuupitisha kwenye matamvua. Changarawe yenye ncha humkwaruza, na uchafu ukituama kati ya vijiwe, sharubu zake huliwa na bakteria. Mchanga laini, wenye rangi ya kahawia au nyeusi, ndio unaomfaa. Uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi, na hiyo ni kazi ya mikono mingi kuliko unavyodhani.

Kupanga kwenyewe kufanywe tangi likiwa kavu. Hakikisha meza ni imara na imelala sawa, kwa sababu tangi hilo likijaa litakuwa na uzito wa kilo 130 hadi 150, na liwe mbali na jua la dirishani, la sivyo utafuga mwani. Mawe mazito yatangulie, yakae juu ya kioo chenyewe au juu ya kipande cha sponji jembamba, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Yakikaa juu ya mchanga, samaki wachimbaji watayaangusha. Mchanga uwe sentimita tatu mbele na tano au zaidi nyuma, mteremko huo unaongeza kina machoni. Gogo usiliweke katikati. Lisogeze karibu na theluthi moja ya urefu, matawi yakielekea upande wenye nafasi, na uache eneo la mbele na la katikati wazi kwa kuogelea. Karatasi nyeusi nyuma ya tangi, kwa nje, huficha nyaya na kupandisha rangi za kila kitu.

Fikiria mapambo kama kuta, wala si picha za ukutani. Samaki anayetawala eneo humfukuza anayemwona, asipomwona, hamfukuzi. Ndiyo maana jiwe kubwa moja au kichaka kizito kinachokata mstari wa macho kati ya kushoto na kulia hutuliza tangi kuliko dawa yoyote. Jambo jingine linaloonekana kama kinyume: kadiri maficho yanavyokuwa mengi, ndivyo samaki wanavyojitokeza zaidi. Tangi tupu huwafanya wajibanze nyuma ya hita siku nzima.

Mimea hai ndiyo nisiyokubali ikosekane, hata kwa anayeanza. Haihitaji mbolea ya ajabu. Anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati wenye majani magumu, pamoja na jimbi la Java, huota bila kupandwa: vifunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe, na lile shina nene linalotambaa lisifukiwe mchangani maana litaoza. Nyuma panda valisneria, majani yake marefu kama utepe hupanda mpaka juu. Kriptokorine hukaa katikati. Usishtuke ikimwaga majani yote wiki mbili baada ya kuipanda, mizizi iko hai na itachipua tena. Mimea inayoelea huwapa kivuli samaki wanaoogopa mwanga na hunyonya nitrati, taka inayobaki majini kutokana na uchafu wa samaki, ila ipunguze kila wiki isije ikafunika kila kitu. Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku. Zaidi ya hapo unamlisha mwani.

Kama unataka pia mimea ya bandia, chukua ya kitambaa laini. Ile ya plastiki ngumu huchana mapezi. Ipitishe kwenye soksi nyembamba, ikinasa nyuzi, itanasa na mkia wa gapi. Kasri la mwanao lipewe mtihani uohuo wa soksi, kisha liloweke kwenye ndoo ya maji kwa siku chache uone kama rangi inatoka. Likipita, liweke. Mimi si mpenzi wa makasri wala wa yale mafuvu yanayofumbua taya kutoa mapovu, lakini samaki hawana ubishi wa mitindo, na mtoto aliyechangia tangi hulilisha kwa moyo. Lifiche nusu kwa mimea, mlango wake uwe pango.

Sasa jaza maji, washa chujio na hita, halafu usinunue samaki. Hii ndiyo sehemu inayoua samaki wengi kuliko nyingine zote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia ni sumu. Kwenye sponji na vijiwe vya chujio hukua bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapoiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaji kwenye boksi la tangi jipya. Huchukua wiki nne hadi sita kukua, na wanahitaji chakula: weka amonia safi isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome kama miligramu 2 kwa lita, au dondosha punje za chakula kila siku ziozee humo. Siku utakayoweka amonia, na baada ya saa 24 ukapima ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limekomaa. Badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo ufikirie samaki. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye chujio la tangi lenye afya la rafiki yako, muda huo unafupika sana. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kila mara. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia.

Kwa maji laini, tangi lako ningelijaza hivi: neoni tetra kumi na mbili, koridorasi sita wa aina moja, na gurami wa asali wawili, dume na jike. Hita iwekwe nyuzi 24 au 25. Neoni wanashika katikati, koridorasi chini, gurami wanazurura juu kati ya mimea, na hakuna anayemeza mwenzake. Baada ya miezi mitatu au minne, kioo kikishapata utando wa mwani, unaweza kuongeza otosinklasi watano, kambale wadogo wanaokula mwani, hao ndio wasafishaji kweli. Wakiletwa mapema kwenye tangi jipya hufa njaa.

Kwa maji magumu: gapi madume wanane, plati (jamaa wa gapi) watano, na ansistrasi mmoja. Nimesema madume kwa makusudi. Gapi jike hujifungua karibu kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, hivyo hata ukimtenga bado ataendelea kuzaa. Ukitaka watoto, weka majike wawili au watatu kwa kila dume ili wasisumbuliwe mpaka wachoke, na uwe umeshajua watoto utawapeleka wapi. Kwa plati, chukua dume mmoja na majike wanne kwa sababu hiyohiyo. Taiga babi, kama roho yako iko kwao, wape tangi hili lote: kumi wao, na koridorasi chini, bila gapi wala gurami.

Usiwaingize wote kwa siku moja. Kwanza kundi la katikati, nusu yake au lote kama ulikomaza tangi kwa amonia. Wiki mbili baadaye wa chini. Anayetawala eneo, yaani gurami au ansistrasi, aje mwisho, ili akute wenyeji tayari. Mfuko wa samaki uelee juu ya maji kwa dakika 15 au 20, ongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo, kisha wahamishe samaki kwa wavu na maji ya mfuko yamwage nje. Ukiwa na chombo cha pembeni chenye chujio la sponji, waweke humo wiki mbili hadi nne kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe huingia kwa mgeni mmoja tu, na kuutibu kwenye tangi lenye mimea na samaki ishirini ni kazi nyingine kabisa.

Kila wiki badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji, yale mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi. Sponji ya chujio ikijaa, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiisuuza bombani klorini itawaua wale bakteria uliowasubiri wiki sita. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na koridorasi wape vidonge vinavyozama baada ya kuzima taa, kwa sababu wakitegemea makombo ya wenzao hawashibi.